Kunata, Kuganda au Kuambata? Uhakiki wa Istilahi za Bakteria Waharishao Wanyama Wachanga

Katika kazi ya kusanifu istilahi hutokea mara nyingi kwamba neno dogo, ambalo wafasiri hulipita upesi wakikimbilia maneno makubwa, ndilo libebalo uzito wa jambo zima. Katika elimu ya magonjwa ya mifugo neno la namna hiyo ni lile litajalo kitendo cha bakteria kujishika katika seli za utumbo wa ndama, mwanakondoo au mtoto wa nguruwe aliyezaliwa karibuni. Waandishi wetu hulieleza tendo hilo kwa maneno mengi: bakteria "hushika", "hunata", "huganda", "hung'ang'ania", "hushikamana", "hujibandika", na wengine, kwa kuuona ugonjwa kama vita, huliacha tendo lenyewe wakasema tu kwamba bakteria "hushambulia" utumbo. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo na jamaa zake, kuonyesha ni lipi lichukualo maana na ni lipi liipotezalo, na kisha kutoa mapendekezo.

Huenda msomaji akauliza: je, ipo haja ya kubishania kitenzi kimoja? Haja ipo. Ugonjwa wa kuhara ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wanyama wachanga popote wafugwapo, na njia bora za kuuzuia zimejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba bakteria wa aina tutakayoieleza, akikosa pa kujishika, hupita zake. Mfugaji aliyeambiwa kwamba vijidudu vinautafuna utumbo wa ndama wake atachukua hatua za namna moja. Aliyeambiwa kwamba vijidudu vimejishika juu ya utumbo ulio mzima atachukua hatua za namna nyingine. Kati ya hatua hizo mna uhai wa ndama.

I. JAMBO LENYEWE

Kabla ya kuhakiki maneno hapana budi kulifahamu jambo. Bakteria aitwaye Escherichia coli alielezwa mwaka 1885 na daktari Theodor Escherich, aliyemwona katika kinyesi cha watoto wachanga. Wengi wa jamii yake ni wakazi wa kawaida wa utumbo wasio na dhara. Wachache huwa na vitu viwili ambavyo wenzao hawana: cha kujishikia, na sumu.

Utumbo hautulii. Misuli yake husukuma, na maji na ute hupita humo kama mkondo wa mto. Bakteria asiye na cha kujishikia huzolewa na mkondo huo. Aliye nacho hubaki, huzaana, na hufunika vile vijidole vidogo vilivyojaa katika utando wa ndani wa utumbo mwembamba. Kisha hutoa sumu yake karibu kabisa na seli. Sumu hiyo haiziui seli wala haizitoboi. Huzipotosha, zikawa zinamwaga maji na chumvi badala ya kuvinyonya. Ndama hukauka mwili, damu yake ikazidi asidi, na aweza kufa katika siku moja au mbili ilhali utumbo wake, ukitazamwa kwa hadubini, uko karibu mzima.

Kwamba kujishika ni sharti la ugonjwa, wala si jambo la kupita tu, kulithibitishwa zamani. Mwaka 1971 huko Uingereza, H. Williams Smith na Margaret Linggood walionyesha kwamba bakteria waliopotezewa uwezo wa kutengeneza kitu kilichoitwa K88 hawakuweza tena kuwaharisha watoto wa nguruwe, ingawa sumu walibaki nayo. Waliporudishiwa K88, ugonjwa ulirudi. Mwaka uliofuata G. W. Jones na J. M. Rutter walionyesha kazi ya kitu hicho: ndicho kimwezeshacho bakteria kushika utando wa utumbo. Kwa ndama na wanakondoo kitu kifananacho nacho kiliitwa K99.

II. FUNDISHO LA HERUFI K

Majina haya mawili yana fundisho kwa kila mtu afanyaye kazi ya istilahi. K88 ilielezwa mwaka 1961 na Frits na Ida Ørskov wa Copenhagen pamoja na wenzao. Herufi K ilitokana na neno la Kijerumani lenye maana ya ganda, kwa kuwa kitu hicho kilidhaniwa kuwa sehemu ya ganda limzungukalo bakteria. Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha kwamba si ganda hata kidogo, bali ni nyuzi nyembamba mno za protini zimtokazo bakteria mwilini pande zote. Wataalamu walilazimika kuunda majina mapya kwa herufi F: K88 ikawa F4, na K99 ikawa F5. Hata hivyo majina ya zamani hayakufa. Mpaka leo vitabu huandika yote mawili pamoja, na mwanafunzi hulazimika kujifunza kwamba K hiyo si ganda.

Hiyo ndiyo gharama ya kutoa jina kwa dhana kabla ya kulijua umbo na kazi ya kitu. Lugha kubwa zenye maabara nyingi zimeilipa gharama hiyo kwa sababu zilikuwa zikitaja vitu vilipokuwa vinagunduliwa. Sisi tunavitaja vikiwa vimekwisha kujulikana. Hatuna udhuru wa kurudia kosa hilo. Nasi tukisema "ganda la kunatia", kama inavyoweza kutokea kwa mfasiri aliyeshika kitabu cha kale, tutakuwa tumelirudia kwa hiari.

III. KITENZI

Tuyatazame sasa maneno ya tendo lenyewe, moja baada ya jingine.

"Kushambulia" latupasa kuliondoa kwanza. Neno hili si baya katika magazeti, lakini katika elimu halisemi kitu. Bakteria apenyaye ndani ya seli, kama Salmonella, hushambulia, atoboaye hushambulia, na huyu akaaye juu ya seli bila kuijeruhi naye husemwa kwamba ameshambulia. Istilahi ichanganyayo mambo matatu yenye tiba tofauti haistahili kuitwa istilahi.

"Kuganda" lina maana mbili zilizokwisha kutulia: damu kuganda na maji kuganda. Zaidi ya hayo, maziwa huganda katika tumbo la ndama, nalo ni jambo jema na la lazima katika usagaji wa chakula chake. Ukurasa usemao kwamba maziwa yaliganda na bakteria waliganda utamchanganya hata msomaji makini. "Kugandama" ni bora zaidi, kwani husema kushika juu ya kitu, lakini uhusiano wake na "kugandamiza" humletea msomaji fikra ya uzito na uonevu ambayo haimo katika jambo letu.

"Kunata" ndilo neno lenye watetezi wengi, na ni kweli kwamba ni fupi na linafahamika. Kasoro yake ni kwamba kinatacho hunata popote. Ulimbo hunata mkononi, mtini na katika mbawa za ndege, bila kuchagua. Bakteria wetu huchagua. Mwenye F4 hujishika kwa nguruwe, wala si kwa ndama. Mwenye F5 hujishika kwa ndama, mwanakondoo na mtoto wa nguruwe katika siku za mwanzo tu za uhai, kisha nafasi yake hupungua. Uhusiano wa kile kishikacho na kile kishikwacho ni kama wa ufunguo na kufuli yake. Neno lisemalo ulimbo haliwezi kueleza ufunguo. Na tangu hapo wanafizikia wamekwisha kulichukua "mnato" kwa uzito wa maji mazito kama asali.

"Kung'ang'ania" lina nia ndani yake. Hung'ang'ania mtu aliyeambiwa aachie akakataa. "Kujibandika" hufanana na stempu, na latuelekeza tena kwenye gundi. "Kushikamana" lina kasoro ya sarufi: kiambishi -ana husema kwamba wawili wanatendana, nasi twajua kwamba katika ugonjwa tulioueleza seli haimshiki bakteria bali hushikwa tu. Tena "mshikamano" limekwisha kupewa kazi nzito ya siasa na umoja wa watu, na si busara kulishusha utumboni.

Limebaki neno moja ambalo halina mzigo mwingi, nalo ni "kuambata". Ni neno la Kiswahili chenyewe, lenye maana ya kushika juu ya kitu na kutulia hapo. Umbo lake la "kuambatana" limekwenda zake katika maana ya kufuatana, na "kiambatisho" kimekaliwa na makarani wa ofisi. Shina lenyewe limebaki huru. Kutokana nalo twapata "mwambato" kwa jina la tendo, na "kiambatio" kwa kile kitu ambacho bakteria huambatia, kama vile "kifagio" kitokavyo na kufagia. Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi hutaka tuanze na Kiswahili pamoja na lahaja zake, ndipo twende kwenye lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Hapa hatukuhitaji kuvuka hata mlango wa kwanza.

Baada ya kuambata hufuata hatua ya pili ambayo waandishi wetu huisahau: bakteria hukaa, huzaana na kulifanya eneo kuwa lake. Wengine huandika "hutawala". Napendekeza "kulowea", kwa kuwa mlowezi ndiye ajaye kutoka nje, akakita makazi asipozaliwa, akaongezeka. Neno hili watu wetu wanalifahamu vizuri mno.

IV. NYWELE JUU YA NYWELE

Ugumu wa pili uko katika kuzitaja zile nyuzi za bakteria. Hata katika lugha zilizozivumbua palitokea ugomvi. Mwaka 1955 J. P. Duguid na wenzake huko Uskoti waliziita kwa neno la Kilatini lenye maana ya tamvua za nguo, yaani fimbria. Mwaka 1959 Charles Brinton wa Marekani akaziita kwa neno jingine la Kilatini lenye maana ya nywele, nalo katika wingi ni pili. Mpaka leo majina yote mawili yanatumika, na wengi huyachukua kama kitu kimoja.

Mfasiri wa Kiswahili akilikopa la pili atajikuta anaandika "pili za bakteria", na msomaji atatafuta ya kwanza iko wapi. Akilifasiri la kwanza kwa "matamvua", msomaji wa pwani atafikiri habari za samaki, kwani matamvua ndiyo samaki apumuliayo. Ndipo wengi wakakimbilia "vinywele". Lakini hapo pana shimo kubwa zaidi. Utumbo nao una vijidole vyake, ambavyo baadhi ya waandishi huviita vinywele. Na juu ya kila seli ya vijidole hivyo kuna vitu vidogo zaidi vilivyosimama kama nyuzi za brashi, navyo pia huitwa vinywele. Hivyo tunapata sentensi ambamo vinywele hushika vinywele vilivyo juu ya vinywele, na msomaji hajui ni vya mnyama au vya mdudu. Katika jambo ambalo kiini chake ni nani amemshika nani, kosa hilo halivumiliki.

Kiswahili kina neno "laika", wingi wake "malaika", lenye maana ya nywele fupi laini ziotazo mwilini na mikononi. Ni nyingi, ni nyembamba, na hutoka pande zote za mwili. Sifa zote tatu ni za nyuzi za bakteria. Pingamizi moja lijulikanalo ni kwamba malaika ni viumbe wa mbinguni. Pingamizi hilo halina nguvu. Sarufi yenyewe hutenganisha: malaika hawa ni wa mbinguni, malaika haya ni ya mwilini, na hakuna Mswahili aliyesikia kwamba mtu amesimama malaika kwa hofu akatazama juu kutafuta mbawa. Kwa nywele zitembeazo za viumbe vingine, wanabiolojia wamekwisha kuzoea "silia". Kwa hiyo laika haligongani na kitu. Vile vya utumbo tuviite "vijidole", na vile vya juu ya seli tuviite "brashi ya seli". Kila kimoja kimepata jina, na mwenye kitu anajulikana.

Hata hivyo tusilifanye laika na kiambatio kuwa kitu kimoja. Laika ni uzi mzima. Kiambatio ni ile protini ifanyayo kazi ya kushika. Katika F4, protini iujengayo uzi wote ndiyo pia kiambatio. Katika F18, ambayo huwapata nguruwe waliokwisha kuachishwa kunyonya, kiambatio kiko nchani mwa uzi. Na wako bakteria wenye kiambatio kisicho na uzi wowote. Mtungaji wa chanjo hulazimika kujua tofauti hiyo, na lugha isiyoitofautisha haitamsaidia.

V. KIPOKEZI NI CHA NANI?

Kwa upande wa seli, neno lililoenea ni "kipokezi". Wako wasemao kwamba neno hili halifai, kwa sababu seli haikukiweka kitu hicho ili kumpokea bakteria. Ni kweli, kile ambacho F5 hukiambata ni mafuta yenye sukari yaliyomo katika utando wa seli kwa shughuli zake yenyewe, na bakteria ni mgeni asiyealikwa. Imependekezwa badala yake "kiambatwa". Neno hili limeundwa vizuri, lakini sikubaliani nalo. Kipokezi limekwisha kuzoeleka katika habari za homoni na za neva, na wazo ni lile lile: mahali penye umbo maalumu palinganapo na umbo la kitu kingine. Kugawa wazo moja kwa maneno mawili kwa sababu ya huruma juu ya seli si usanifu.

Kasoro haiko katika neno bali katika maelezo yake. Maelezo ya kawaida husema kwamba kipokezi ni "sehemu ya seli ya mnyama" ambayo kitu hushika. Maelezo hayo yalionekana sahihi mpaka mwaka 1997. Iko aina nyingine ya bakteria wa utumbo, apatikanaye pia kwa ndama, ambaye huambata kwa kubana kabisa, akaifuta brashi ya seli mahali alipo, na seli ikainuka chini yake kama kigoda. Jina la tendo hilo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema "kuambata na kufuta", lilitolewa mwaka 1983 na H. W. Moon na wenzake. Kwa muda ilidhaniwa kwamba bakteria huyu hushika kipokezi cha seli. Mwaka 1997 Brendan Kenny na wenzake walionyesha kwamba bakteria mwenyewe ndiye akitengenezaye kipokezi hicho, akakisukuma ndani ya seli, kikajitokeza juu ya utando, kisha akakishika. Ni kama mgeni ajaye na kiti chake, akakiweka sebuleni, akakikalia.

Basi maelezo yasemayo kwamba kipokezi ni sehemu ya seli ya mnyama yamekwisha kuvunjika. Yafaa tuseme kwamba kipokezi ni kitu kilicho juu ya seli ambacho kiambatio chenye umbo lilinganalo nacho hukishika. Kilitoka wapi, hilo ni swali jingine. Hapa twaona kwamba istilahi huelezwa vema kwa kazi yake kuliko kwa asili yake, maana asili huweza kugunduliwa upya wakati wowote.

VI. KINGA, UKINZANI NA USUGU

Mahali ambapo uhafifu wa istilahi huleta hasara ya wazi kabisa ni katika neno "kinga". Mwaka 1975 watafiti wa Compton, Uingereza, akina R. Sellwood na wenzake, walichukua brashi za seli za utumbo wa nguruwe mbalimbali wakazichanganya na bakteria wenye K88. Katika baadhi ya nguruwe bakteria waliambata. Katika wengine hawakuambata kabisa. Ilidhihirika kwamba hitilafu hiyo hurithiwa, na kwamba hali ya kuwa na kipokezi ndiyo itawalayo katika urithi.

Sasa mwandishi wetu atasema nini juu ya nguruwe asiyeambatwa? Atasema, kwa urahisi, kwamba "ana kinga". Tutazame matokeo. Mfugaji, akijua kwamba mama mwenye kinga huwapa watoto wake kinga hiyo kwa maziwa, atamchagua nguruwe jike huyo na kumpandisha kwa dume lolote. Kumbe jike huyu hana kinga anayoweza kuigawa. Bakteria hawakulowea utumboni mwake kamwe, na kwa hiyo mwili wake haukupata sababu ya kutengeneza kingamwili dhidi yao. Dume akiwa na kipokezi, watoto huweza kurithi kipokezi kwa baba na kukosa kingamwili kwa mama. Hao ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Neno moja lililotumiwa ovyo limemfanya mfugaji achague kinyume cha alichokitaka.

Kwa hiyo lazima tutenganishe. "Kinga" ibaki kwa ulinzi utokanao na kingamwili na askari wengine wa mwili. "Ukinzani" uwe ni hali ya kurithi ya kutopatwa, kwa mfano kwa kukosa kipokezi. Na "usugu" ubaki kwa bakteria wasiouawa na dawa. Maneno yote matatu yapo. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia.

VII. NENO NA UHAI WA NDAMA

Turudi kwa mfugaji. Aaminiye kwamba utumbo wa ndama umeliwa na kujaa vidonda huona ni vema kuupumzisha. Humnyima ndama maziwa, naye hudhoofika kwa njaa juu ya kiu. Aelewaye kwamba utumbo ni mzima ila umepotoshwa hadi kumwaga maji, ataona mwenyewe kwamba la kwanza ni kurudisha maji na chumvi kwa kumnywesha, na kwamba kuendelea na maziwa si dhambi.

Aambiwaye kwamba vijidudu "vinashambulia" hutafuta cha kuviua, na chombo cha kuulia ni viuavijasumu. Tumekwisha kuona njia hiyo iishiapo. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba usugu dhidi ya dawa ya kolistini, iliyokuwa ikitumiwa sana kwa kuhara kwa nguruwe, umepatikana katika umbo linaloweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Na dawa hiyo ni miongoni mwa zile za mwisho kabisa kwa binadamu. Mwezi wa Juni 2022 Umoja wa Ulaya ulikomesha kuwapa watoto wa nguruwe oksidi ya zinki kwa kipimo cha dawa, kwa ajili ya madhara yake katika ardhi na maji. Kadiri milango ya kuua inavyofungwa, mlango wa kuzuia mwambato unazidi kuwa na thamani. Chanjo za siku hizi hujengwa juu yake: kingamwili hulivalisha laika la bakteria, likashindwa kufika penye kipokezi, naye akapita na mkondo.

Lakini hata chanjo yenyewe tumeipa jina baya. Katika maandishi ya ushauri huandikwa "chanjo ya ndama". Mfugaji asomaye hivyo atataka ndama adungwe sindano. Ndama wa siku ya kwanza hana muda wa kutengeneza kingamwili zake, kwani ugonjwa huu humpata katika siku chache za mwanzo. Achanjwaye ni ng'ombe mwenye mimba, wiki kadhaa kabla ya kuzaa. Na kwa kuwa katika ng'ombe, kondoo na nguruwe kingamwili hazipiti katika kondo la nyuma, njia yake ni moja tu, yaani maziwa ya mwanzo. Uwezo wa utumbo wa ndama kuzipitisha kingamwili hizo hadi katika damu hupungua saa kwa saa, na baada ya siku moja huwa umekwisha. Jina la haki ni "chanjo ya mama kwa ndama", ijapokuwa ni refu.

Na maziwa hayo ya mwanzo yana jina. Ni dang'a. Inashangaza kuona mfasiri aandikaye "kolostramu" akimwandikia mtu ambaye amekama dang'a tangu utoto wake. Kukopa si aibu pale ambapo hatuna. Kukopa kilichomo ghalani ni uvivu.

VIII. MAPENDEKEZO

Kwa hayo yaliyotangulia, yapendekezwa istilahi hizi pamoja na maelezo yake:

Mwambato: tendo la bakteria kushika juu ya seli kwa kiambatio chake bila kuipenya. Kitenzi: kuambata.

Kiambatio: protini ya bakteria ilinganayo kwa umbo na kipokezi fulani, ambayo kwayo huambata.

Laika (wingi malaika): uzi mfupi mwembamba wa protini utokao juu ya mwili wa bakteria.

Kipokezi: kitu kilicho juu ya seli ambacho kiambatio hukishika, bila kujali asili yake.

Kulowea: hali ya bakteria kuambata, kubaki na kuzaana mahali.

Kupenya: tendo la bakteria kuingia ndani ya seli.

Kinga: ulinzi wa mwili utokanao na kingamwili na seli za ulinzi.

Ukinzani: hali ya kurithi ya kutopatwa na ugonjwa.

Usugu: hali ya bakteria kutodhurika kwa dawa.

Dang'a: maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, yenye kingamwili nyingi.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni bure, kwa kuwa daktari wa mifugo husomea kwa Kiingereza na atayajua mambo haya kwa lugha hiyo. Na iwe hivyo. Lakini daktari huyo hamtibu ndama peke yake. Kati yake na ndama yuko bwana mifugo, na kati ya bwana mifugo na ndama yuko mwenye zizi, nao huzungumza Kiswahili. Elimu ikifika zizini hali imevunjika, haikusaidia kwamba ilikuwa nzima chuoni.

Jambo la mwisho lawahusu watunga istilahi wenyewe. Orodha ipangayo neno la kigeni kushoto na la Kiswahili kulia, bila maelezo, haiwezi kumwambia mtumiaji kwamba laika si kiambatio, wala kwamba kinga si ukinzani. Inampa jina na kumnyima kitu. Kila istilahi ya tiba ya mifugo itolewe pamoja na maelezo yake, hata kama kwa ajili hiyo tutatoa maneno kumi kwa mwaka badala ya mia. Na kabla ya kuidhinishwa, isomwe mbele ya wafugaji, kisha waulizwe si kama wamelipenda neno, bali wakilisikia watafanya nini kwa ndama anayehara. Jibu lao ndilo litakalotuonyesha kama tumesanifu au tumepamba. Wasomaji wa jarida hili, na hasa mabwana mifugo walioko vijijini, wanaombwa kuleta maoni yao, pamoja na maneno ya lahaja na lugha za nyumbani kwao yatajayo mambo haya kwa uwazi zaidi kuliko haya yaliyopendekezwa.